Ankara Yenye Akaunti Ngeni: Uchambuzi wa Kisa cha Barua Pepe ya Ulaghai katika Kiwanda cha Alizeti, Dodoma

Kisa hiki kinahusu kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya alizeti kilichopo jijini Dodoma. Jina la kiwanda, majina ya wahusika, benki zao na mwaka wa tukio vimeondolewa, na viwango vya fedha vimezungushwa. Kimeandikwa kwa ridhaa ya mwenye kiwanda, ambaye alitaka wenzake wenye biashara za ukubwa huo wajifunze bila kuingia gharama aliyoingia yeye. Nilishirikishwa kama mtaalamu wa TEHAMA siku ileile ulaghai ulipogundulika, na nilikaa na wahusika wote mpaka tukaelewa kila hatua ilivyopita.

Usuli

Kiwanda hununua mbegu za alizeti kutoka kwa wakulima na vyama vya ushirika vya Kongwa, Mpwapwa na Chamwino, na nyingine kutoka Singida. Mavuno yanapoanza kuingia, fedha hutoka kila siku: kuna wakulima wanaosubiri malipo getini, kuna madereva wa malori, kuna vibarua wa kushusha magunia, na kuna vifungashio vinavyopaswa kuagizwa mapema ili mafuta yasikae kwenye matangi bila madumu. Katika wiki hizo mhasibu hufanya kazi ya watu wawili, na aliyepanga ulaghai huu, kwa kujua au kwa bahati, alimfikia katika wiki hizo hizo.

Wafanyakazi watatu ndio waliokuwa wakitumia barua pepe za kiwanda: meneja, ambaye ni mama wa makamo na ndiye mwenye kiwanda, mhasibu, dada mwenye uzoefu wa miaka mingi katika hesabu, na karani wa ununuzi. Anwani zao zilikuwa chini ya kikoa cha kiwanda, yaani jina lake la mtandaoni, kinachoishia na .co.tz. Fundi aliyeweka mfumo huo alikuwa amewapa kanuni mbili. Kila nywila iwe na herufi kubwa, tarakimu na alama, na kila baada ya miezi mitatu ibadilishwe. Kwa nje kanuni hizo zilionekana kali. Kwa vitendo zilizaa nywila za sura moja, yaani neno Alizeti, mwaka, na alama ya mshangao, na kila miezi mitatu ilipotimia tarakimu moja ya mwisho ilipanda. Nywila za wote watatu ziliandikwa kwenye kaunta buku moja iliyokaa juu ya meza ya karani, na mhasibu alitumia nywila hiyohiyo kwenye barua pepe yake binafsi. Uthibitisho wa hatua mbili, yaani kuombwa kithibitisho cha pili baada ya nywila, haukuwahi kuwashwa.

Jambo jingine la usuli halihusu kompyuta, nalo lina uzito mkubwa. Miezi kadhaa kabla ya tukio, karani alichomeka flashi yenye virusi kwenye kompyuta ya ofisi. Alikaripiwa mbele ya wenzake wote na gharama ya fundi ikakatwa kwenye mshahara wake. Kila aliyekuwepo siku ile alijifunza kwamba anayeharibu jambo la kompyuta hulipa.

Mfuatano wa matukio

Siku ya kwanza, alasiri, mhasibu alipokea barua pepe kutoka kwa mteja anayenunua mashudu kwa ajili ya chakula cha mifugo. Anwani ilikuwa ya mteja huyo kweli, kwa kuwa sanduku lake lilikuwa limeshavamiwa na wezi walikuwa wakiandika kwa kulitumia. Ujumbe ulikuwa mfupi na wa Kiswahili safi, ukieleza kwamba oda ya mwezi unaofuata imeambatishwa na kwamba hati ni kubwa, hivyo ifunguliwe kupitia kiungo. Kiungo kilimpeleka kwenye ukurasa uliofanana kabisa na ule wa kuingilia kwenye barua pepe ya kiwanda. Aliandika anwani na nywila. Ukurasa ukamwambia kwamba nywila si sahihi, akaiandika tena, kisha akajikuta kwenye sanduku lake la kawaida. Hati ya oda haikufunguka.

Baada ya saa moja hivi wasiwasi ulimwingia. Alirudi kutazama anwani ya ule ukurasa na kuona kwamba jina la kiwanda na .co.tz vilikuwepo mwanzoni, lakini vilifuatwa na nukta na maneno mengine mengi kabla ya mkwaju (alama ya /). Alielewa kwamba amelaghaiwa. Alibadilisha nywila papo hapo, kwa kupandisha tarakimu ya mwisho kama ilivyokuwa desturi, na hakumwambia mtu.

Katika saa hiyo moja mwizi alikuwa amekwisha kufanya kazi yake. Aliingia kwenye sanduku, akafungua mipangilio, na akaweka kanuni ya kuelekeza barua: kila ujumbe wenye neno ankara, malipo, akaunti au benki unakiliwa kwenda anwani ya nje, kisha unahamishwa kwenye folda ambayo hakuna anayeifungua, isipokuwa ule unaotoka kwenye anwani aliyoiandaa mwenyewe. Kanuni ya namna hii haiombi nywila kila inapofanya kazi. Ikishawekwa, hubaki kuwa sehemu ya sanduku mpaka mtu aifute, hata nywila ibadilishwe mara kumi. Kwa siku zilizofuata mwizi alisoma mawasiliano ya kiwanda bila kugusa kitu.

Siku ya 9 kiwanda kiliagiza madumu na chupa kutoka kwa muuzaji wa Dar es Salaam anayefanya nao biashara kwa miaka. Muuzaji alituma ankara ya shilingi milioni 18. Ankara hiyo ilimezwa na ile kanuni, na mhasibu hakuiona. Siku ya 10 ilifika nyingine, yenye nembo ileile, orodha ileile ya bidhaa na jumla ileile, lakini namba ya akaunti ilikuwa tofauti. Anwani ya mtumaji ilipishana na ya muuzaji kwa herufi moja tu: mahali penye herufi m palikuwa na r na n zilizobanana, ambazo kwa jicho la haraka husomeka kama m. Ujumbe ulianza, "Dada, pole na kazi za msimu," kama muuzaji alivyozoea kumwandikia, ukaendelea kueleza kwamba akaunti ya kawaida imesimamishwa kwa muda kwa sababu ya ukaguzi wa hesabu.

Siku ya 11 mhasibu alilipa nusu, shilingi milioni 9, kwa njia ya TISS, mfumo wa Benki Kuu wa kulipana baina ya benki. Malipo yakishakamilika katika mfumo huo, mlipaji hawezi kuyarudisha kwa amri yake mwenyewe.

Siku ya 13 ilikuwa zamu ya nusu ya pili. Meneja, ambaye siku ya 11 alikuwa Kongwa kwa ununuzi, safari hii alikuwa ofisini na aliombwa kusaini. Aliona kwamba jina la mwenye akaunti ni la mtu binafsi, ilhali muuzaji ni kampuni. Hakujibu ile barua pepe. Alitoa faili la hati za kupokelea mzigo za mwaka uliotangulia, akachukua namba ya simu iliyochapwa juu yake, akapiga.

"Kaka, habari za huko? Nataka kuhakikisha tu, mmehamia benki nyingine?"

"Hapana mama. Akaunti yetu ni ileile ya siku zote. Na mimi nilikuwa nangoja mnijibu kuhusu ankara."

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kupiga simu benki kabla ya jambo jingine lolote. Meneja aliomba kitengo cha udhibiti wa ulaghai, akatoa namba ya muamala, na benki yake ikawasiliana na benki iliyopokea ili salio lililobaki lizuiwe. Simu hiyo ilipigwa ndani ya nusu saa tangu kugundua. Ni sahihi kwamba benki ilitangulia polisi, kwa sababu fedha iliyoibwa huhamishwa na kutolewa kwa vipande vidogo, na kila saa inayopita hupunguza kinachoweza kuzuiwa. Baada ya hapo mhasibu na meneja walikwenda kituo cha polisi, wakaandikisha maelezo na kupata RB, namba ya taarifa iliyoandikishwa polisi, ambayo benki iliihitaji ili kuendelea. Kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa, kughushi kwa kutumia kompyuta na kujifanya mtu mwingine mtandaoni ni makosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kwa hiyo suala hili lilikuwa la jinai tangu mwanzo, si mgogoro wa kibiashara kati ya mnunuzi na muuzaji.

Uamuzi wa pili ulizua mabishano. Fundi wa kiwanda alitaka kufuta kila kitu kwenye kompyuta ya mhasibu na kuipanga upya jioni hiyo. Nilipinga, kwa sababu mbili. Uvamizi haukuwa kwenye kompyuta bali kwenye sanduku la barua lililo kwenye seva, kompyuta ya mbali inayohifadhi barua, hivyo kuifuta kungeacha tatizo lilipo. Na kumbukumbu za kivinjari pamoja na ule ujumbe wa mwanzo ni ushahidi. Tulipiga picha za skrini za ile kanuni, tukahifadhi barua zenyewe pamoja na vichwa vyake kamili vinavyoonyesha njia zilizopitia, na ndipo tukaanza kusafisha.

Mpangilio wa kusafisha una maana, nami ningependa msomaji aukumbuke. Tulianza kwa kufuta kanuni zote za kuelekeza barua. Tukakagua namba ya simu na anwani ya kurejesha akaunti, na huko tukakuta namba ya mfanyakazi aliyekwisha kuacha kazi, tukaiondoa. Tukafuta ruhusa za programu za nje, tukavitoa vifaa vyote vilivyokuwa vimeingia kwenye akaunti, kisha tukaweka nywila mpya isiyofanana na za nyuma, na kumalizia kwa kuwasha uthibitisho wa hatua mbili. Kubadilisha nywila peke yake, kama alivyofanya mhasibu siku ya kwanza, ni sawa na kubadilisha kitasa wakati mwizi ameshajificha uvunguni.

Uamuzi wa tatu ulikuwa mgumu kwa meneja. Alihofia kwamba wateja wakijua watakimbia. Hata hivyo sanduku la mhasibu lilikuwa na orodha ya wakulima yenye majina, namba za simu na namba za vitambulisho vya taifa, na wezi waliweza kuisoma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu kuitaarifu Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi pale usalama wa taarifa hizo unapovunjwa. Meneja aliridhia. Wateja na wauzaji walipigiwa simu mmoja mmoja, na wakulima walielezwa kupitia viongozi wa vyama vyao kwamba kiwanda hakitawaomba kamwe namba ya siri ya simu, na kwamba ujumbe wa kitapeli ukija waupeleke 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ya kuripoti utapeli.

Matokeo

Takriban theluthi moja ya shilingi milioni 9 ilikutwa bado kwenye akaunti iliyopokea na ikazuiwa. Iliyobaki ilikuwa imekwisha kutolewa. Nusu ya pili haikulipwa. Muuzaji wa vifungashio alikubali kupeleka mzigo kwa makubaliano mapya ya malipo, na hakuna mteja aliyeondoka kwa sababu ya taarifa aliyopewa. Mhasibu aliandika barua ya kuacha kazi wiki hiyohiyo. Meneja aliikataa.

Uchambuzi: nywila

Wengi waliosikia kisa hiki walisema kwamba kosa ni nywila dhaifu. Nywila ilikuwa dhaifu kweli, lakini haikuvunjwa. Ilikabidhiwa. Hata kama ingekuwa na herufi 40, mhasibu angeiandika kwenye ukurasa wa uongo na mwizi angeipata nzima. Tofauti hii isipoeleweka, watu hurefusha nywila na kubaki wazi kwa hatari ileile.

Urefu una kazi yake, nayo ni pale tovuti fulani inapovamiwa na hifadhi yake ya nywila kuibwa. Nywila katika hifadhi hiyo huwa zimefumbwa, yaani zimegeuzwa zisisomeke, na mwizi hukaa na kompyuta yake akikisia moja moja. Nywila ya herufi 8 ndogo za alfabeti ya Kiingereza ina uwezekano wa takriban bilioni 208, idadi inayotisha machoni mwa binadamu, lakini kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro hujaribu mabilioni kwa sekunde pale ufumbaji ulipo dhaifu, na haihitaji hata saa moja. Maneno matano yaliyochaguliwa kwa kurusha dadu kutoka orodha ya maneno 7,776 yana uwezekano unaozidi 28 ikifuatwa na sifuri 18. Maneno hayo yanaweza kuwa ya Kiswahili na ya kawaida kabisa, mradi yameletwa na bahati. Methali haifai. "Haraka haraka haina baraka" ni ndefu, lakini kila anayekisia nywila za Waswahili ataijaribu asubuhi na mapema, na vivyo hivyo jina la mtoto, timu ya mpira, au Dodoma ikifuatwa na mwaka.

Kanuni ya kubadilisha kila miezi mitatu ndiyo iliyozaa Alizeti yenye tarakimu inayopanda. NIST, taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2017 ilishauri mifumo isilazimishe mabadiliko ya nywila kwa ratiba wala mchanganyiko wa aina za herufi, bali nywila ibadilishwe pale panapokuwa na dalili kwamba imevuja, na mpya zilinganishwe na orodha za nywila zilizokwisha kuvuja. Fundi wa kiwanda hakukosea kwa uzembe. Alifuata mafundisho yaliyotawala kwa miaka mingi. Lakini ofisi nyingi nchini bado zinayafuata, na ningetamani ziyaache.

Kilichoweza kumlinda mhasibu siku ile ni kingine. Programu ya kutunza nywila hukumbuka nywila pamoja na anwani halisi ya tovuti, na inapofikishwa kwenye ukurasa wa uongo haijazi chochote, kwa sababu haitazami sura ya ukurasa bali kikoa chake. Mtu naye anaweza kujifunza kutazama hivyo: mwenye tovuti hutambulishwa na maneno yaliyo mwishoni, mara kabla ya mkwaju wa kwanza unaofuata baada ya https://, na wala si yale ya mwanzo. Alama ya kufuli haisaidii hapo. Inaonyesha kwamba mawasiliano yamefumbwa njiani, na tapeli pia huipata bure. Vilevile ushauri wa kutafuta makosa ya tahajia usingemwokoa, maana Kiswahili cha barua zote mbili kilikuwa fasaha.

Uthibitisho wa hatua mbili ungemzuia mwizi huyu kwa kiasi kikubwa. Tulichagua programu ya kutoa namba ya tarakimu sita kwenye simu badala ya ujumbe mfupi, kwa kuwa laini ya simu inaweza kuhamishwa na matapeli kwenda kadi nyingine. Hata hivyo namba ya tarakimu sita nayo inaweza kuandikwa kwenye ukurasa wa uongo na kutumiwa kabla haijaisha muda. Kwa meneja, anayeidhinisha malipo, tuliweka ufunguo wa kuingilia unaohifadhiwa ndani ya simu na kufunguliwa kwa alama ya kidole, ambao haukubali kufanya kazi kwenye kikoa kisicho chake.

Kaunta buku iliondolewa mezani. Sikushauri kwamba kuandika kwenye karatasi ni haramu, kwa sababu mwizi wa mtandaoni hafungui sefu ya Dodoma. Nywila kuu ya programu iliandikwa, ikafungwa kwenye bahasha na kuwekwa ndani ya sefu, ili mtu akiugua kazi isisimame.

Uchambuzi: ukimya na simu

Mhasibu alijua ndani ya saa moja kwamba amelaghaiwa. Hili ndilo jambo zito kuliko yote katika kisa hiki. Fedha ilitoka siku ya 11. Kati ya siku ya kwanza na hiyo palikuwa na nafasi ya kutosha kabisa ya kukagua sanduku, kuikuta ile kanuni na kuifuta bila hasara ya shilingi moja. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alinijibu kwamba alikumbuka alichofanyiwa karani. Adhabu ya flashi ilikata mshahara wa mtu mmoja na ikawafunza wote kuficha. Ninaamini kwamba meneja angeweza kununua vifaa vya ulinzi vya bei yoyote na bado angeibiwa, mradi wafanyakazi wake waliogopa kumwambia. Yeye mwenyewe alilikubali hilo mbele ya wafanyakazi, akamrudishia karani fedha aliyokatwa, na akatangaza kwamba anayeripoti ameshatimiza wajibu wake hata kama yeye ndiye aliyebofya.

Kwa upande wa malipo, kilichozuia hasara ya pili ni jicho lililotazama jina la mwenye akaunti na simu iliyopigwa kwa namba ya zamani. Namba hiyo ya zamani ndiyo yenye thamani. Ankara ya uongo nayo ilikuwa na namba ya simu, na kama meneja angeipiga angejibiwa kwa upole kwamba akaunti imebadilika kweli. Sasa badiliko lolote la akaunti linathibitishwa kwa simu iliyokuwepo kwenye daftari kabla ya badiliko hilo, na malipo yanayozidi kiwango walichokubaliana hayatoki bila saini mbili, hata kama meneja yuko Kongwa na lori linasubiri.

Yaliyobaki

Upelelezi ulikuwa unaendelea wakati kisa hiki kinaandikwa, na salio lililozuiwa lilikuwa bado halijarudishwa. Mteja wa mashudu alipigiwa simu na kuelezwa kwamba sanduku lake ndilo lililotumika kama mlango. Alibadilisha nywila. Alipoulizwa kama amekagua kanuni za kuelekeza barua, alisema hajui zinakaa wapi, na karani wa kiwanda, yuleyule wa flashi, akapewa kazi ya kumwelekeza kwa simu hatua kwa hatua mpaka zikaonekana. Zilikuwa mbili.